Steshenari ya Mwenge na mswada wangu

Nilipeleka riwaya yangu, kurasa 180 kwenye flashi, steshenari moja jirani na kituo cha Mwenge, Dar es Salaam. Nilitaka ipangwe vile wachapishaji wengi wanavyopenda: Times New Roman saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo sentimita 2.54, namba kila ukurasa. Dada wa kompyuta akaanza kusogeza mwanzo wa kila aya kwa kubonyeza spesi mara tano! Nikamwonyesha rula iliyo juu ya ukurasa kwenye skrini, inayosogeza mwanzo wa aya. "Kaka, mimi wateja wangu ni barua za kazi," akacheka, ila alishika upesi.

Na ana jicho. Tukio la mvua ndani ya daladala la Gongo la Mboto nililihamisha kutoka hadithi fupi yangu ya zamani, nikabadilisha majina. Nilidhani yote. Ukurasa wa 94 akauliza, "Huyu Mwajuma katokea wapi? Si alikuwa Rehema?" Konda naye bado anadai nauli ya enzi hizo, shilingi 250. Aibu niliyoepuka!

Kuchapa ni 200 kwa ukurasa. Wino ulififia kurasa za mwisho; wakazirudia bila ubishi. Wahi asubuhi, mchana wanafunzi wanajaa.