Uchambuzi: Viungio vya Haraka vya Mpira wa Gesi kwa Majiko ya Nyama Choma ya Karavani na Kambini

Habari zenu, watazamaji, na karibuni tena. Leo nimeweka mezani kifaa kidogo cha shaba ambacho wengi wenu mnaoishi Uingereza na kusafiri na karavani, yaani nyumba ndogo inayokokotwa na gari, mmekuwa mkiniuliza habari zake, yaani kiungio cha haraka cha mpira wa gesi, kile kinachokuwezesha kuunganisha jiko la kuchomea nyama na kulitenganisha bila kushika spana wala bisibisi. Nitakisifu, kwa sababu kinastahili sifa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazungumzo yetu itakuwa juu ya presha ya gesi, jambo ambalo wauzaji wengi hulipitia juu juu, kwa kuwa kiungio hiki kinaweza kuingia na kushika vizuri kabisa mahali ambapo jiko lako halikupaswa kuunganishwa.

Kwanza tukitazame chenyewe kwa karibu. Vipande ni viwili, ambavyo mafundi huviita jike na dume. Huyu wa mkono wa kushoto ni jike. Ana pete ya nje inayoteleza kurudi nyuma, na nikimgeuza mkaangalia ndani ya mdomo wake mtaona oringi nyeusi, yaani pete nyembamba ya mpira, na ndani zaidi kuna kichwa cha valvu kinachosukumwa na springi. Huyu wa kulia ni dume, ambaye ni kijiti laini cha shaba chenye mfereji mwembamba uliochongwa kukizunguka. Ukimwingiza dume, ncha yake husukuma ile valvu na kufungua njia ya gesi, na wakati huohuo vigololi vidogo vilivyo ndani ya jike huangukia kwenye ule mfereji na kushika. Sikilizeni: huo mlio mfupi ndio unaokuambia kwamba kimekaa. Nikirudisha pete nyuma kwa vidole viwili, dume anatoka, springi inairudisha valvu mahali pake, na gesi inazibwa.

Kutokana na muundo huo, mtaelewa kwa nini jike lazima awe upande wa chanzo cha gesi na dume awe kwenye mpira unaokwenda jikoni. Valvu inayojifunga iko ndani ya jike peke yake. Mtu akivifunga kinyume, siku atakapotenganisha mpira huku mtungi ukiwa wazi, gesi itatoka moja kwa moja bila kizuizi chochote. Seti nyingi huuzwa vipande vikiwa vimetengana ndani ya mfuko, na maelezo yaliyochapwa kwa herufi ndogo sana, kwa hiyo hakikisheni jambo hili kabla ya kukaza klipu yoyote.

Karavani na magari ya kulala ya miaka ya karibuni mara nyingi huwa na tundu la gesi la nje, ndani ya kijisanduku chenye mfuniko ubavuni mwa gari, ambamo jike amefungwa tayari tangu kiwandani. Hapo mnunuzi anahitaji dume tu pamoja na kipande cha mpira. Nawaomba msidhani kwamba madume yote ni sawa. Watengenezaji hawatumii kipimo kimoja, na vipo vinavyofanana kwa macho lakini vikatofautiana kidogo kwa kipenyo au mahali mfereji ulipo. Kinachofaa huingia kwa msukumo mwepesi na kulia mara moja. Kinachohitaji nguvu si chake, na kukilazimisha huchana oringi, ambayo ndiyo kinga yenu dhidi ya uvujaji.

Sasa tuje kwenye presha. Karavani zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Uingereza tangu karibu mwaka 2003 zina regyuleta moja, yaani kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, iliyofungwa kwenye ukuta wa sanduku la mitungi, nayo hutoa presha ya milibari 30, iwe mtungi ni wa butani au wa propani, zile gesi mbili za mitungini. Zamani utaratibu ulikuwa mwingine, kwa maana kila gesi ilikuwa na regyuleta yake, milibari 28 kwa butani na milibari 37 kwa propani, na mpaka leo majiko mengi ya nyama choma ya bustanini yanayouzwa nchini humo hutengenezwa kwa propani ya milibari 37. Tundu la nje la karavani hutoa ile milibari 30 ya mfumo mzima. Kwa hiyo jiko la milibari 37 likiunganishwa hapo litawaka, lakini gesi inayopita kwenye nozeli zake, yaani vitundu vidogo vya kutolea gesi, itapungua kwa takriban asilimia 10, na joto litapungua kwa kiasi hichohicho. Kwa mishikaki huenda usitambue tofauti. Kwa mguu mzima wa mbuzi, jioni ya upepo kwenye pwani ya Wales, utaitambua vizuri sana.

Tazameni kibandiko cha jiko, ambacho kwa kawaida hubandikwa chini au nyuma yake. Mkiona maandishi I3B/P(30), jiko hilo limetengenezwa kwa milibari 30 kwa gesi zote mbili, na ndilo linaloendana na karavani bila mashaka. Mkiona I3+(28-30/37), hilo limekusudiwa butani kwa presha ya chini na propani kwa milibari 37. Kwa maoni yangu kibandiko hicho kinapaswa kusomwa dukani kabla ya kutazama bei, na muuzaji asiyeweza kukionyesha asipewe fedha.

Lipo suala la regyuleta mbili, ambalo huwasumbua watu wengi. Jiko linalouzwa pamoja na mpira na regyuleta ya kubana juu ya mtungi wa bustanini haliwezi kuunganishwa kwenye tundu la karavani likiwa bado na regyuleta hiyo, kwa sababu gesi ya tundu hilo imekwisha kupunguzwa presha, na kuipunguza mara ya pili huliacha jiko likiwa na mwali dhaifu unaozimika kwa upepo mdogo. Regyuleta hiyo huondolewa, na mahali pake hufungwa mpira mtupu wenye dume. Vivyo hivyo kwa majiko madogo yanayochomekwa moja kwa moja kwenye kopo la gesi la kutupa. Baadhi yake hufanya kazi kwa presha kubwa ya kopo lenyewe, na kwenye milibari 30 hayafai. Kampuni ya Cadac ya Afrika Kusini, ambayo majiko yake yamependwa mno na wenye karavani barani Ulaya, imewahi kuuza jiko lenye umbo lilelile katika matoleo mawili, la presha kubwa na la presha ndogo, kwa hiyo sura ya jiko pekee haitoshi kuwaambia ni lipi. Msibadilishe nozeli wenyewe ili kulilazimisha likubali.

Upande ulio wa hatari zaidi ni ule wa presha kuzidi. Mtungi wa propani katika nyuzijoto 20 za selsiasi huwa na presha ya bar 7 hivi, sawa na milibari 7,000, yaani zaidi ya mara 200 ya ile milibari 30. Kiungio cha haraka cha aina hii hukaa baada ya regyuleta, kamwe si kabla yake. Sijaona maelezo ya kifaa chochote kati ya hivi yanayoruhusu vinginevyo, na mtu yeyote anayekuonyesha njia ya mkato ya kukifunga moja kwa moja kwenye mtungi usimsikilize.

Nimejaribu aina mbili kwa ajili ya uchambuzi huu: moja isiyo na koki, na nyingine yenye koki ndogo iliyounganishwa na mwili wa jike. Ile isiyo na koki ni nyepesi na ya bei nafuu, nayo huziba vizuri ikiwa mpya. Hata hivyo, napendekeza yenye koki, na sababu yangu ni hii: valvu ya springi inategemea usafi. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti chake, haifungi sawasawa, na hapo unabaki na koki au hubaki na kitu. Kwenye baadhi ya matoleo, koki haifunguki mpaka dume awe ameingia, na dume hatoki mpaka koki ifungwe. Huo ndio muundo ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa unamlinda hata mtoto aliyepita na kushikashika.

Mpira nao una maneno yake. Uso wake umechapwa kiwango na tarehe ya kutengenezwa. Kwa Uingereza tafuteni EN 16436, kiwango kilichochukua nafasi ya BS 3212 cha zamani. Kipenyo cha ndani cha kawaida ni milimita 8. Ukunjeni kwa vidole mbele ya mwanga kama ninavyofanya sasa: mkiona mipasuko midogo kama nywele kwenye mgongo wa mkunjo, ubadilisheni, hata kama tarehe bado ni ya karibuni. Urefu wa mita moja na nusu unatosha kuliweka jiko mbali na ukuta wa karavani bila kuuacha mpira uzagae miguuni mwa watu, na kila ncha iwe na klipu ya chuma iliyokazwa.

Kupima uvujaji kunafanyika kabla ya kuwasha, jiko likiwa limefungwa na gesi ikiwa wazi. Mimi hutumia dawa maalumu ya kupulizia badala ya sabuni ya vyombo, kwa kuwa sabuni nyingi zina chumvi zinazoweza kuila shaba taratibu zikiachwa juu yake. Angalieni povu hapa, kwenye maungio ya pete na mwili: limetulia, halikui. Lingekuwa linapanda na kuvimba, ningefunga mtungi na kuishia hapo.

Mkimaliza kupika, fungeni koki ya upande wa chanzo kwanza, muache jiko liteketeze gesi iliyobaki ndani ya mpira mpaka mwali uzimike wenyewe, kisha mfunge vitasa vya jiko na kutenganisha. Kifuniko cha vumbi kirudi mdomoni mwa jike papo hapo. Kwa wale wanaopiga kambi kwa gari kwenye mbuga za Kenya na Tanzania wakati wa kiangazi, kifuniko hicho ni muhimu kuliko kwa mtu wa Uingereza, maana vumbi la barabara za huko huingia kila mahali. Oringi iliyochakaa ibadilishwe kwa ile ya mtengenezaji, wala isipakwe grisi ya baiskeli.

Kuhusu baridi, butani huacha kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri, ilhali propani huendelea mpaka karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Jiko likidhoofika asubuhi ya Novemba huko Scotland, msikilaumu kiungio kabla ya kutazama mtungi ni wa gesi gani.

Urahisi wa kiungio hiki unawashawishi watu kulisogeza jiko ndani ya hema la pembeni mvua inaponyesha, na hapo nawasihi kwa dhati msifanye hivyo, hata kama pande mbili za hema ziko wazi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na mwako, haionekani wala hainuki, na watu wamekufa usingizini kambini kwa sababu ya jiko lililoingizwa hemani.

Hukumu yangu ni kwamba, kwa mwenye karavani iliyo na tundu la nje na jiko la milibari 30, seti yenye koki ni ununuzi mzuri ambao nauunga mkono bila kusita. Mwenye jiko la milibari 37 na mtungi wake wa bustanini abaki na regyuleta yake, na akipenda aweke kiungio katikati ya mpira, jike akiwa upande wa mtungi. Asiye na tundu la nje na anayetaka lifungwe asiliguse bomba la ndani mwenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, rejista rasmi ya mafundi wa gesi ya Uingereza, na kabla ya kumlipa mwombeni kadi yake muitazame upande wa nyuma, ambako kazi anazoruhusiwa kufanya zimeandikwa, mjiridhishe kwamba gesi ya mitungi kwenye karavani ni mojawapo.