Ndoo ya mafuta ya lita 20: je, inaufaa mpilipili mkubwa?

Mpilipili mbuzi ukitunzwa huzaa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo mtu anayehama nyumba au anayejenga pale ulipo mche hana sababu ya kuukata. Anauhamishia kwenye chombo. Mjini chombo rahisi kupatikana ni ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyotoka na mafuta ya kupikia, na ndiyo tunayoipima hapa. Hukumu yetu: ni chombo kizuri, ila kinavyotoka dukani kitaua mche.

Kosa la kwanza ni matundu, kwa sababu hayapo. Toboa manane hadi kumi kwenye kitako, upana wa kidole kidogo, kwa msumari wa moto. Kisha ongeza manne ubavuni, sentimita mbili juu ya kitako. Ndoo ikikalia sakafu ya saruji, yale ya chini huzibika na haya ndiyo yanayookoa. Wengi hutandika kokoto chini wakidhani maji yatashuka upesi. Hayashuki: maji hung'ang'ania kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na umeshapoteza nafasi ya mizizi. Kipande cha chandarua kikuukuu juu ya matundu kinatosha.

Rangi ya ndoo nayo ina maana kuliko watu wanavyodhani. Nyeupe au ya manjano ndiyo nzuri. Nyeusi ikipigwa na jua la mchana la Dar es Salaam au Mombasa hupika mizizi ya pembeni. Ukiwa nayo tayari, ipake chokaa au ifunge gunia. Ndoo zilizobeba rangi ya mafuta, dawa za mashambani au tindikali ziacheni kabisa.

Ukubwa wake unatosha, kwa masharti. Ukiacha sentimita tano juu kwa ajili ya maji, ndani hubaki kama lita 17. Bonge la mizizi lenye upana wa sentimita 25 na kina cha 20 huchukua karibu lita 10, kwa hiyo udongo mpya unaohitajika ni lita saba tu. Changanya sehemu tatu za udongo tifutifu, mbili za mboji iliyoiva na moja ya makapi ya mpunga. Makumbi ya nazi yanafaa pia, lakini yaloweke na kumwaga maji mara mbili tatu, maana huwa na chumvi. Usichote udongo palipokuwa na nyanya, bilinganya au viazi mviringo: ni ukoo mmoja na pilipili, na mnyauko wa bakteria huhama na udongo.

Kazi yenyewe hufanywa jioni. Siku moja kabla, mwagilia mche hadi udongo ulowe. Chuma pilipili zote na maua, kisha punguza matawi kwa theluthi moja. Mizizi iliyokatwa haiwezi kunywesha majani yote yaliyokuwapo. Chimba duara sentimita 12 hadi 13 kutoka kwenye shina, ingiza sepeto chini na uinue bonge lote kwa mikono miwili. Usivute shina. Panda kwa kina kilekile cha mwanzo. Mpilipili si nyanya: shina likifukiwa halioti mizizi ya maana, na huweza kuoza. Mwagilia hadi maji yatoke ubavuni, funga shina kwenye kigingi, uweke kivulini siku saba hadi kumi.

Kunyauka saa saba mchana katika siku hizo ni kawaida, usikimbilie kopo la maji. Ukiukuta umenyauka alfajiri na udongo ni mbichi, mizizi inaoza: matundu yameziba. Mbolea ya chumvichumvi isubiri wiki tatu, kisha NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) kijiko kimoja cha chai kuzunguka ukingo, mbali na shina, kila baada ya wiki tatu nne. Urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni pekee, itakupa majani mengi na maua machache. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi.

Tukilinganisha, mfuko wa kitambaa hupumua vizuri zaidi na mizizi haizunguki ndani yake, lakini kwenye upepo wa pwani utaumwagilia mara mbili kwa siku. Kiroba ni cha bei ndogo, nacho huchakaa juani na kupasuka ukikihamisha. Chungu kina ubaridi mzuri. Uzito wake ndio adhabu.

Walio karibu na bahari wanaotumia maji ya kisima waangalie ukoko mweupe juu ya udongo. Hiyo ni chumvi, na ndani ya ndoo haina pa kwenda. Ukiuona, mimina taratibu ndoo mbili za maji ya mvua au ya bomba, yapite yote chini.

Udhaifu usiorekebishika ni mshikio. Ndoo iliyojaa udongo uliolowa huweza kufika kilo 25, na plastiki iliyokaa juani mwaka mzima hukatika pale mshikio unapoingia. Ibebeni wawili, mkiishika kitako.