Mikutano ya AA: ipi ya kurudi, ipi ya kuacha

Alcoholics Anonymous, yaani AA, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Mpaka leo haitozi ada, haina fomu ya kujisajili, na sharti la uanachama ni moja: uwe unataka kuacha pombe. Kwa huduma ya bure, ni vigumu kupata inayoizidi. Kasoro yake ni kwamba kila kundi linajiendesha lenyewe, hivyo kundi la Jumanne na la Alhamisi, ukumbi uleule wa kanisa, yanaweza kuwa mbingu na ardhi. Wengi wanaosema AA iliwashinda walikwenda kundi moja, siku moja.

Kwanza la usalama. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue, asiache ghafla kwa kutegemea mkutano. Degedege linaweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho, na kuweweseka kwa hatari hufuata siku ya pili hadi ya nne. Huyo aanzie hospitali. Kwa aliye Kenya, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na wanaopokea humwelekeza mtu pa kwenda.

Kwenye ratiba utakuta mikutano ya wazi na mikutano ya ndani. Wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu aliyekusindikiza. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe peke yao, na hapo ndipo wengi huaibika mlangoni wakiwa na wake zao. Kwa mgeni tunapendekeza mkutano wa wazi wenye msemaji: mtu mmoja anasimulia alivyokunywa na alivyoacha, wewe unakaa tu. Mikutano ya kusoma kitabu cha AA au kuchambua hatua kumi na mbili, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, inafaa zaidi baadaye. Muda ni saa moja, mara nyingine saa moja na nusu. Zamu ikikufikia, "naitwa Fulani, leo nasikiliza" inatosha, wala hakuna atakayekubana. Kikapu kikipita, mgeni hadaiwi kitu.

Kosa linalojirudia ni kuchagua mkutano kwa ukaribu wa nyumba badala ya saa. Chagua unaoangukia saa yako ya kunywa. Anayeishia baa akitoka kazini saa kumi na moja hasaidiwi sana na mkutano wa Jumapili asubuhi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi haitakiwi kumkuta bila pa kwenda.

Asiye na kundi karibu ana mikutano ya mtandaoni, ila aangalie saa. Mkutano wa saa moja jioni London ni saa tatu usiku Nairobi na Dar es Salaam wakati wa majira yao ya joto, na saa nne usiku wakati wa baridi. Zima kamera, bando litadumu. Kabla ya kuingia badilisha jina linaloonekana: simu nyingi huonyesha jina kamili la mwenyewe, na watu huligundua wakiwa wameshaonekana na chumba kizima. Acha jina la kwanza tu.

Sasa kipimo chenyewe. Usilipime kundi kwa utamu wa maneno. Lipime kwa robo saa baada ya kufunga. Je, kuna aliyekufuata, akakuuliza utafikaje nyumbani, akakupa namba ya simu? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yenye tafiti 27 na washiriki 10,565, yalikuta kwamba programu maalumu za kumwingiza mtu AA ziliwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Sehemu kubwa ya siri ni marafiki wapya wasiokunywa, na marafiki hao hupatikana kwenye chai, viti vikikunjwa. Kundi ambalo wote hutawanyika dakika ileile ya sala ya mwisho, hata liwe na wasemaji hodari, sisi tungeliacha.

Ondoka haraka zaidi ukiona mwenyeji anamwandama mgeni kimapenzi, anamkopa hela, au anamwamuru aache dawa za daktari. La mwisho linaua, na machapisho ya AA yenyewe yanakataza wanachama kujifanya madaktari. Mlezi wa kukuongoza katika hatua awe wa jinsia yako. Kama bado humjui mtu vizuri, omba wa muda.

Kuhusu dini: hatua zinataja Mungu "kama tunavyomwelewa", lakini makundi mengine hufunga kwa Baba Yetu. Mwislamu anaweza kukaa kimya bila mtu kumhoji. Anayekerwa na habari za Mungu kabisa ajaribu SMART Recovery, inayotumia mazoezi ya kudhibiti hamu na mawazo, na ambako washiriki huruhusiwa kujibizana. Tatizo lake kwetu ni uhaba wa mikutano ya ana kwa ana.

Mke, mume au mzazi wa mnywaji ana mkutano wake, Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951. Aende hata kama mgonjwa wake amekataa kwenda popote.