Choki ya kielektroniki juu ya cherehani yangu: miezi minane Majengo

Mimi hushona mabuibui, na kazi nyingi huifanya baada ya isha, joto likishapungua. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, kwa hivyo taa kwangu ni kama mkasi. Nina tyubu ya futi nne, wati 36, iliyokuwa ikitumia choki ya kawaida, lile bonge la chuma linalonguruma.

Mngurumo niliuzoea. Ubaya ulikuwa gurudumu la cherehani. Mota ikifika kasi fulani, chini ya taa ile gurudumu huonekana limesimama tuli. Usiku mmoja nikalishika nikidhani limetulia, likanichuna kiganja.

Fundi wa stima akaniambia, "Mama, macho yako mazima. Taa hii hufifia mara 100 kwa sekunde, kwa sababu stima yetu hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hufifia mara mbili." Nikamwambia basi aitoe hiyo choki. Akacheka kwelikweli.

Kumbe bila choki tyubu haina breki. Balbu ya waya hujizuia yenyewe: waya ukipata moto, unazidi kuukinza umeme. Gesi ni kinyume. Umeme ukishapenya, gesi huzidi kuufungulia njia, na mkondo hupanda mpaka kitu kiungue. Ni kama geti la Likoni feri ikishafika: wasimamizi wakiondoka, watu wote ni mbio. Choki ndiyo msimamizi. Ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye mabati ya chuma, na kila umeme ukitaka kubadilika, koili huupinga. Tyubu ya wati 36 hupata kama ampea 0.43 tu. Koili hiyohiyo, stata (ile swichi ndogo ya kuwashia tyubu) ikiachia, hurusha volti nyingi kwa ghafla, ndipo taa ikawaka. Wakati wa magharibi, stima ikiwa dhaifu, yangu ilikuwa ikikonyeza tu, haishiki.

Ya kielektroniki hufanya kazi hiyohiyo, ila huugeuza umeme mara zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Jicho halioni kufifia. Stata haihitajiki, na taa huwaka palepale hata stima ikiwa dhaifu.

Lakini ya kwanza niliyonunua ilikuwa takataka. Nyepesi kama kiberiti, shilingi 350, na mwezi wa pili ikatoa harufu. Fundi alipoifungua, kapasita, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, imevimba kama mahamri na miguu ya waya imeota kijani kwa chumvi ya bahari. Ya pili nililipa karibu mara mbili. Ina fyuzi ndani na imepakwa utomvu mgumu juu ya saketi, na nikamwambia aifunge ukutani penye upepo, isiokwe ndani ya kasha la taa. Imepita Kaskazi yote na joto lake, haijanisumbua. Gurudumu sasa naliona likizunguka.

Tokeni za stima? Tofauti ipo, ndogo. Choki ya chuma yenyewe hula kama wati 10 juu ya zile za tyubu.

Najua mtaniambia nihamie LED. Tyubu mpya ninazo tatu kabatini, zikiisha tutaongea. Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ile shilingi 350.

Choki ya zamani sikuitupa. Kwa uzito ule, huilaza juu ya kitambaa nikikata, hakisogei.