Maiki ya studio ya chumbani: ipi ununue kwanza

Kabla hujatoa hela, kaa kimya chumbani kwako dakika tano, saa ileile unayopenda kurekodi. Utasikia feni, bodaboda barabarani, vyombo vinaoshwa kwa jirani. Mvua ikianza kupiga bati, basi tena. Maiki utakayonunua itayasikia hayo yote, kwa hiyo hapa nazipanga kwa kufuata chumba cha kuta tupu za saruji, maana ndicho wengi wetu tulicho nacho.

Namba moja naiweka Samson Q2U. Ni maiki ya dainamiki, yaani aina isiyonasa sana sauti za mbali, yenye njia mbili: USB ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na XLR (tundu la pini tatu) ya kutumia siku utakapopata saundi kadi, kile kisanduku cha nje kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Ina tundu la hedifoni pia, hivyo mwimbaji anajisikia papo hapo bila sauti kuchelewa. Anayeanza bila chochote, hii ndiyo ningemnunulia.

Ya pili ni Shure SM58, kama saundi kadi unayo tayari. Imekuwa sokoni tangu 1966 na jukwaani imeenea dunia nzima, lakini wengi huidharau kwa kurekodia. Wanakosea. Mwaka 1982 fundi sauti Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, nayo ni dainamiki kama SM58. Siri iko kwenye umbali: dainamiki unaisogelea, vidole vinne tu kutoka mdomoni, kwa hiyo sauti yako inaizidi nguvu kelele ya chumba. Kwa rapa na mtangazaji inatosha kabisa.

Tatizo la SM58 ni feki, na zimejaa. Niliwahi kuuziwa moja kwenye duka ambalo sikutegemea, na nilirekodi nyimbo mbili nzima nikidhani koo langu ndilo bovu. Maiki halisi ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiishika ikawa nyepesi kama ganda, au bei ikiwa robo ya ile ya maduka mengine, irudishe. Ni heri Behringer XM8500 halisi, ya bei ndogo sana na ya kazi ileile, kuliko Shure ya kughushi.

Ya tatu ni Audio-Technica AT2020. Hii ni kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo, na inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi (kitufe kimeandikwa 48V). Kwa sauti laini ya kuimba, pumzi na maneno yanatoka wazi kuliko kwenye dainamiki. Ningeiweka juu zaidi kama si mwangwi. Ukiichagua, tundika blanketi zito au simamisha godoro nyuma ya mwimbaji. Wengi huweka nyuma ya maiki tu, wakati maiki hii husikia zaidi upande wa mbele, yaani mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake.

Ya mwisho ni BM-800, ile inayouzwa kwa majina mengi pamoja na mkono wa chuma na sponji. Umbo ni kubwa, lakini ndani mara nyingi mna kidonge kidogo cha kunasia sauti. Ukiichomeka kwenye tundu la maiki la laptopu, tarajia mvumo usiokatika.

Usimalize bajeti yote kwenye maiki. Bakisha ya stendi, waya mzuri na hedifoni zinazofunika masikio. Kichujio cha kupunguza mshindo wa pumzi kwenye herufi P na B tengeneza mwenyewe: duara la waya, juu yake stokingi iliyovutwa vizuri.

Ukienda dukani beba laptopu na hedifoni zako. Omba uchomeke, rekodi sekunde thelathini za kimya na thelathini za kuimba, kisha usikilize palepale kabla ya kulipa.