ReWalk: Mota za Kumsimamisha Aliyepooza
ReWalk, kifaa cha kuvaa miguuni kilichobuniwa na mhandisi Amit Goffer wa Israeli na kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 2014 kitumike hata nyumbani, humwezesha mtu aliyepooza kuanzia kiunoni kusimama na kutembea. Mvaaji anapoinamisha kiwiliwili mbele kidogo, kihisi hung'amua mwinamo huo, na mota za nyonga na magoti huupeleka mguu hatua moja. Hata hivyo, magongo hayaepukiki, hivyo asiye na nguvu mikononi hakimfai. Goffer mwenyewe, aliyepooza mikono na miguu, hakuweza kukitumia, jambo linalonigusa sana. Nakisifu kwa dhati, ila bei yake ya makumi ya maelfu ya dola inawafungia mlango wengi wanaokihitaji.