Grafu za Swift kutoka Leicester: kwa nyota pacha hafifu zinazolipuka, anzia hapa

Niseme mapema tu, kama unafuatilia zile nyota pacha hafifu zinazolipuka kwa eksirei, hii huduma ya bure ya Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, inayotengeneza grafu za mwangaza kadiri muda unavyokwenda kutoka data za setilaiti ya Swift, mimi naipa 9 kwa 10.

Nyota hizi zinasumbua sana kuzifuatilia. Nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo mazito mno ya nyota iliyokufa, inanyonya gesi ya mwenzake kidogo kidogo, haidrojeni na heliamu zinarundikana juu yake mpaka presha na joto vinazidi, basi zinaungua kwa mkupuo mmoja, sekunde kadhaa au dakika chache, halafu kimya. Setilaiti ya eksirei ya BeppoSAX (1996 hadi 2002) ilinasa kadhaa, mfano SAX J1818.7+1424 na SAX J2224.9+5421, mlipuko uko wazi kabisa ila ukiuondoa huo kamera zake pana hazikuona kitu pale. Sasa hiyo gesi ilirundikana lini na kwa kasi gani? MAXI, kamera ya eksirei iliyoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009, inazungukia karibu anga lote kila dakika 90 na kwa vyanzo vikali (vitu vinavyotoa eksirei nyingi) naipenda sana, lakini kwa hivi hafifu grafu yake ni kelele tupu.

Darubini ya Swift inakusanya miale sehemu moja kwa vioo, ndo maana inaona vitu hafifu zaidi, na data zake zinaanzia mwishoni mwa 2004. Unajaza jina la chanzo na imeili, unabofya, unaletewa grafu na spektra (mgawanyo wa eksirei kwa nishati), huhitaji kusakinisha programu yoyote.

Ila tafadhali msiache ule mpangilio wa kugawa nukta za grafu kwa idadi ya fotoni (chembe za mwanga)!! Chanzo hafifu kinachelewa kufikisha hizo fotoni kwahiyo nukta moja inavutwa siku nyingi, na kuwaka na kuzima vinachanganywa pamoja. Chagua nukta moja kwa kila uangalizi, na pasipoonekana kitu utapewa kikomo cha juu, yaani mwangaza ambao chanzo hakikuuzidi, ambacho nacho ni data ya maana kwa sababu kinakwambia chanzo kilikuwa kimelala. Jaribu GRS 1741.9-2853 karibu na kitovu cha galaksi, eneo ambalo Swift imelipitia karibu kila siku kwa miaka mingi kuanzia 2006, utaona inawaka wiki kadhaa kisha inazima muda mrefu, raha sana kuangalia.

Alama moja nimekata kwa sababu uangalizi mwingi ni wa sekunde kama 1000 tu, mlipuko ukitokea nje ya hapo umekupita, na kitovu cha galaksi kinafichwa na Jua kuanzia Novemba mpaka Januari hivi, kila mwaka pengo lilelile. Kwa kuhesabu milipuko yenyewe nendeni kwenye katalogi ya MINBAR, orodha ya milipuko ya aina hii, ina milipuko 7,083 ya vyanzo 85.